Ndoo ya Samli na Mashine ya Santuri

Jumatatu, 28 Aprili 2025

Aibu. Aibu tupu! Jana baada ya ibada wana kikundi chetu cha santuri walikuja kwangu hapa Ilomba, Mbeya, kusikiliza muziki wa dansi wa zamani, kama kila Jumapili. Mashine yangu ya santuri ikaanza tena ugonjwa wake. Lori likipita barabara kuu, sindano inaruka. Baridi ikizidi, mwimbaji anavuta maneno kama mlevi. Philbert, mwalimu mstaafu, akauliza kwa upole kama huyo mwimbaji amekwisha kupelekwa hospitali. Wote wakacheka. Hata Obeid fundi cherehani, ambaye suti zake nazisifia mbele za watu!

Kisha Philbert akatoa la moyoni. Mwanawe amemletea mashine mpya kutoka Dar. Ina taa ya buluu. Akapendekeza kikundi kihamie kwake. Nikapinga kwa hoja nzito (niligonga meza). Mwisho tukakubaliana: Jumapili ijayo alete mashine yake sebuleni kwangu, kila mmoja apige santuri ileile, wanachama waamue. Atakayeshinda ndiye mwenyeji, na mwenyeji ndiye mwenyekiti. Katiba ndivyo inavyosema. Katiba niliiandika mwenyewe, mjinga mimi.

Tangu nistaafu reli, wiki nzima naitwa Baba Mercy. Jumapili tu ndipo naitwa Mwenyekiti. Siwezi kuipoteza Jumapili.

Jumanne, 29 Aprili

Nimepata! Chirag, mwenye duka la vitambaa Iringa, ana mashine ya marehemu babu yake. Nzito kama jiwe la kusagia. Lori lolote lipite, haitikisiki. Nimempigia simu. Akasema hauzi. Nikabembeleza. Akasema labda mama yake akubali. Mama Kanta akachukua simu, akaniambia hela hataki. Nisha, binti yake, anaolewa, na mjini Iringa hapatikani samli ya kweli ya kutengenezea vitamutamu. Anataka samli ya Usangu, ndoo nzima.

Ndoo nzima ya samli ya Usangu iko jikoni kwangu. Shemeji yangu Budeba, mfugaji, alimletea dada yake kwa ajili ya kuwapikia wageni wanaokuja kumposa binti yetu Mercy. Ni ya mke wangu Yunisi. Lakini ndoa ni kushirikiana.

Mpango: Yunisi alipokwenda kwaya, nimeikwangua samli yote kwa mwiko na kuihamishia kwenye ndoo nyingine. Ndani ya ndoo yake nimemimina mafuta ya alizeti. Nimeangalia kwa mwanga wa dirisha. Rangi ni ileile! Yunisi nimemwambia kesho naenda Iringa kuhakiki pensheni. Amenifungia viazi vya njiani. Nilijisikia vibaya mpaka nilipovila.

Jumatano, 30 Aprili. Iringa

Mama Kanta alifunua ndoo, akanusa, akachovya kidole, akalamba. Kisha akatikisa kichwa na kusema tangu mumewe afariki hajaonja samli ya namna ile. Biashara imekwisha!

Mashine ni mbao na chuma kitupu. Ukiizungusha sahani yake kwa kidole, inazunguka weee, kimya, mpaka unasahau ulikuwa unangoja nini. Chirag akanieleza namna ya kuibeba: ikae sawa, mkono wa sindano ufungwe, kisiingie kitu kingine ndani ya boksi. Nikamjibu kwamba nilianza kupiga santuri kabla yeye hajazaliwa. Kijana anapenda kufundisha. Nalala gesti karibu na stendi, nimeikumbatia.

Alhamisi, 1 Mei. Mei Mosi

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi, kabla ya kupanda basi, nilipata wazo la pili. Wanachama wakinywa kidogo, watasikia muziki vizuri zaidi. Nikanunua ulanzi mtamu, pombe ya mianzi, dumu zima, kwa mama mmoja anaitwa Matilda. Akanionya nisiukaze mfuniko, maana ulanzi unapumua. Nani asiyejua? Lakini kondakta akasema harufu ya pombe hataki ndani ya basi lake. Basi nikaukaza mfuniko, nikaufunga na nailoni, nikaufunga tena na kamba. Dumu nikalitia ndani ya boksi la mashine. Vilibanana vizuri kabisa, hakuna kucheza.

Tulipokaribia Makambako, PAA! Dereva akadhani tairi limepasuka, akaegesha. Abiria wote wakashuka, wakazunguka basi zima wakikagua matairi. Mimi sikushuka. Miguu yangu ilikuwa inalowa.

Nimefika Ilomba nikinuka kilabu. Yunisi akauliza kama siku hizi pensheni inahakikiwa kwa kunusa. Nimeifuta mashine kwa maji ya uvuguvugu chumbani, nimeikausha kwa shuka. Inazunguka! Inanata kidogo tu. Sisimizi nao wamekuja, lakini wachache.

Ijumaa, 2 Mei

Asubuhi baridi kali, ukungu hadi mlangoni. Yunisi alifunua ndoo yake. Akasema tangu ahamie Mbeya hajawahi kuona samli isiyoganda kabla ya jua kutoka. Akaitikisa. Ikacheza kama maji ya kisima. Nikamwambia ni mabadiliko ya tabianchi, yametangazwa hata redioni.

Kisha akampigia kaka yake simu, akamfokea kwa kumletea samli feki kwa ajili ya wakwe zake. Nilisikia Budeba akinguruma kutoka Usangu bila hata spika. Ukoo wao haujawahi kuitwa matapeli. Anakuja mwenyewe na ndoo nyingine, aonyeshe watu.

Hakutaja siku. Pengine atasahau.

Jumapili, 4 Mei

Hakusahau.

Lakini niandike kwanza sehemu nzuri, maana ilikuwepo. Philbert alipiga wa kwanza. Taa ya buluu ikawaka, wote wakasema aaah. Sauti ikatoka nyembamba, ya kopo. Lori likapita, sindano yake ikaruka! Nikakohoa kuficha furaha.

Kisha nikapiga mimi. Santuri ileile. Besi ikajaa sebule nzima. Lori jingine likapita, madirisha yakatikisika, mashine tuli. Nilisikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kiitikio. Miaka yote sijawahi kuisikia ile pumzi. Machozi yalinilenga, nakiri. Obeid alifumba macho. Philbert mwenyewe akaniita Mwenyekiti. Nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Mbeya nzima.

Halafu mashine ikapata joto. Ulanzi uliokaukia ndani ukalainika, ukashika. Mwimbaji akaanza kuzeeka tukimsikiliza. Akanguruma, akakoroma, akanyamaza. Harufu ikapanda. Wanachama wakaanza kunusana wakiulizana nani amekunywa kabla ya saa.

Mikono yangu ilikuwa ndani ya mashine simu yangu ilipoita. Yunisi akaipokea. Mama Kanta! Alitaka kushukuru. Yunisi akawa anayarudia maneno yake yote kwa sauti: kwamba samli ilikuwa ya kweli, kwamba vitamutamu vimetoka vizuri, kwamba aulizwe Bwana Filemoni, yaani mimi, ndoo ya pili italetwa lini. Na Budeba alikuwa amesimama mlangoni na ndoo begani. Alikuwa amesikia yote.

Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba aliyelitukanisha jina lake atalilipia, kisha akaibeba mashine kwa mkono mmoja, akaifunga nyuma ya pikipiki. Amesema akishaisafisha atawapigia ng'ombe wake muziki. Yunisi akamsaidia kukaza kamba.

Kura ikapigwa. Mimi nilijipigia. Obeid alimnyooshea Philbert mikono yote miwili.

Jumatatu, 5 Mei

Yunisi amepika maharage bila chumvi, nimekula bila kulalamika. Nilipokwenda dukani nilikutana na Philbert. Akanisalimia vizuri, akanikaribisha kwake Jumapili, akasema nije na kiti changu. Akaniita Baba Mercy. Nilirudi nyumbani bila kununua kitu.

Nimetafakari sana. Makosa nimeyaona, na nayakubali kama mwanaume. Kosa lilikuwa samli. Samli si kitu cha kubadilishia.

Nimempigia Chirag. Babu yake aliacha pia spika mbili kubwa, zinafika kifuani. Nikizifunga kwenye mashine yangu ya zamani, nani atasikia kama sindano inaruka? Mama Kanta anasema arusi bado ina mambo mengi, na anapenda sana asali. Yunisi ana dumu la asali ya nyuki wadogo chini ya kitanda. Hulamba kijiko kila asubuhi kwa ajili ya kifua. Sukari ikichemshwa na majani ya chai, rangi ni ileile. Nimeonja, inafanana kabisa. Ya kwake imeganda kwa baridi, lakini hilo ni jambo dogo.

Kesho nitamwambia wameniita tena kuhakiki pensheni.