Shujaa Aliyelala Gatina

Jumapili, 4 Agosti 1996
Leo nimepiga picha moja tu, na mtoto mwenyewe alifumba macho. Bustani ya mtaa wetu wa Gatina ina kumbukumbu moja ya kihistoria: rola ya mkoloni ya kusawazishia barabara, kutu tupu. Watu wakitoka kanisani hutaka kupigwa picha wakiiegemea. Na rola imetekwa na Khamala, mpiga picha mwenzangu. Ameipaka rangi ya fedha, akaizungushia maua ya plastiki. Mimi nimebaki na pipa la takataka. Nani atatuma nyumbani picha yake na pipa?

Magdaline amesema Jumapili ijayo nikirudi mikono mitupu, kamera inabadilishwa na cherehani. Mke wangu hatishi bure. Nimeshindwa kumaliza ugali.

Jumanne, 6 Agosti
Nimepata! Khamala ana chuma, mimi nitakuwa na shujaa. Alfajiri nimebeba bamba la zege la kufulia nguo hapa plotini tunapopanga, nikalisimamisha bustanini, nikaandika kwa rangi: HAPA AMELALA SHUJAA NYANGWESO, ALIYEMPINGA MKOLONI. Nyangweso ni babu yangu. Jina jingine halikunijia upesi. Babu alipinga kuoga tu, lakini amekufa, hatabisha.

Jirani yetu Phanice anauliza plot nzima nani ameiba bamba. Nimemsaidia kulitafuta.

Alhamisi, 8 Agosti
Foleni! Kijana mmoja alimwambia Khamala rola ni ushamba siku hizi, form yote iko kwa shujaa. Khamala alinuna. Nilimhurumia, kidogo sana.

Jioni akaja mama Risper, mwenyekiti wa chama chetu cha watu wa Siaya, kile kinachosafirisha maiti nyumbani. Aliuliza shujaa ni wa wapi. Ningenyamaza. Lakini Khamala alikuwa anasikiliza, nikasema ni wa kwetu Alego, hukohuko Siaya, ndugu wa babu yangu kabisa. Mama Risper akaanza kulia. Alisema ni aibu Mjaluo kulala miaka yote hii kwenye bustani ya watu, na mimi Obonyo, mjukuu wake, napiga watu picha juu yake. Lazima azikwe nyumbani.

Nikasema shujaa ameshazoea Gatina. Hakunisikia.

Jumapili, 11 Agosti
Wamechimba. Chama kizima, majembe, nyimbo, na mimi mbele kama mfiwa. Umati ambao bustani haijawahi kuuona, wote na nguo za kanisani, wote wanataka picha. Nikafungua kamera. Mama Risper akaninyang'anya, akasema mfiwa hapigi picha za msiba wake. Zote alipiga Khamala. Aliniomba nisogee kushoto na nionyeshe huzuni. Huzuni nilikuwa nayo tele.

Phanice alilitambua bamba lake, akalibeba bila kungoja sala.

Chini hapakuwa na mtu. Nikadhani nimepona. Wazee wakasema mwili usipopatikana huzikwa yago, lile tunda refu la mti wa kwetu, badala ya marehemu. Mzee Obiero alikuwa amekuja nalo tayari. Na safari hugharamiwa na mwenye msiba.

Kamera imeuzwa ikawa nauli ya tunda. Cherehani pia hakuna. Hilo limeniuma kweli, maana Magdaline alikuwa ameshachagua kitambaa.

Jumatatu, 19 Agosti
Nimerudi kutoka Alego. Basini yago lilikatiwa tiketi ya kiti cha dirishani, mimi nikasimama. Limezikwa kando ya babu kwa heshima ambazo babu hakupata. Mama yangu aliniuliza huyu ndugu wa babu alizaliwa lini. Nikamwambia anyamaze, tuko msibani.

Bustanini, watu wanapanga foleni kupigwa picha kando ya shimo la shujaa. Khamala amelizungushia maua ya plastiki.

Nimekaa nikafikiri kwa utulivu. Kosa langu lilikuwa moja tu: shujaa alikuwa Mjaluo. Wa pili atakuwa Mluhya, wa kijiji cha akina Khamala, ikiwezekana babu yake mwenyewe. Mfiwa hapigi picha za msiba wake. Zote nitapiga mimi, na cherehani ya Magdaline itapatikana siku hiyohiyo. Bamba Phanice bado huliacha nje.

Kamera nitaazima kwa Khamala.