Koti la Rubani Limetakata

Jumatatu, 3 Novemba
Nafasi iliyobaki ni moja. Amesema hivyo leo Bwana Arnaud, mwenyekiti wa chama cha wakusanyaji wa mavazi ya marubani wa vita. Maonyesho yanafunguliwa tarehe 11. Nafasi hiyo katika kabati la kioo ni yangu! Nina koti la ngozi ya kondoo la mwaka 1943, lililovaliwa angani kwenye baridi kali. Jirani yangu Rigobert naye anaitaka, kwa glavu. Glavu! Tena moja imetoboka kidole gumba.

Jumatano, 5 Novemba
Nimelikagua koti mchana. Aibu tupu. Zipu ina kutu. Kwenye mkono, doa la mafuta ya ndege. Ndani ya kola mtu kaandika jina na namba kwa wino, kama daftari la shule. Sisi watu wa Lubumbashi, hata huku ughaibuni, hatutokei mbele za watu hivyo. Nimelipeleka kwa Maman Sidonie, fundi cherehani. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika: "Papa Donat, uko sûr? Byote niondoe?" Vyote, nikamwambia.

Ijumaa, 7 Novemba
Zipu mpya, rangi ya dhahabu. Doa hakuna. Wino hakuna. Ngozi inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Nimelifikisha mtaa wa Uccle, kwa Bwana Arnaud. Alilitazama, akaketi. Akauliza zipu ya zamani iko wapi. Pipani, nikamjibu. Akauliza jina la rubani. Nikamweleza kwamba lilitoka kwa sabuni, tena kwa shida. Akasema thamani yote ilikuwa humo: jina, doa, kutu. Sasa nimemletea kondoo msafi tu. Nafasi kampa Rigobert. Uonevu mtupu!

Jumapili, 9 Novemba
Baada ya misa Rigobert kanisubiri mlangoni, anipongeze mbele ya kwaya nzima. "Alors, papa, félicitations! Nasikia koti yako imebatizwa." Kwaya ikacheka. Nimeondoka bila kuaga mtu.

Sijashindwa. Jana nilipata buti za rubani kwa mjane mmoja: manyoya ndani, matope ya vita bado kwenye soli. Bwana Arnaud, kwa simu, amekubali kuzitazama kwa maonyesho ya Machi. Amesisitiza, kwa sauti kubwa isiyo na adabu, nisiziguse kabisa. Nimeahidi. Lakini visigino vimelika upande mmoja! Bertin, fundi viatu wa mtaa wa Koekelberg, anafungua Jumatano tarehe 12, saa tatu asubuhi. Soli mpya, rangi nyeusi, kamba nyeupe.