Kava la "Nimeacha Vyote"

Lukasi hakujua kuchora hata yai, lakini asubuhi aliyosoma tangazo kwenye ubao wa kanisa, kando ya njia ya bandarini, alijigundua kuwa msanii. Kwaya ilikuwa inarekodi kaseti yake ya kwanza, *Nimeacha Vyote*, na ilimtafuta mtu wa kubuni kava. Mwaka huo wa 1997 kila kwaya ya Mtwara ilitaka kaseti. Lukasi alitaka kula. Haja mbili zikakutana.

Akavaa koti la suti, alilolichukua kwa dobi bila kumsumbua dobi kwa maelezo, akaenda kumwona mwenyekiti wa kwaya, Elia, karani wa bandari.

"Mwenyekiti, kava halikurupukiwi. Kuna michoro ya awali kwanza. Dar es Salaam nilikuwa nachora sita kabla sijagusa rangi."

"Sita!" Elia akavua miwani kwa heshima.

"Sasa, Nimeacha Vyote. Vyote vipi? Mnunuzi lazima avione. Jogoo, samaki, mbuzi. Na mimi sichori vya kufikirika. Niletewe, tutazamane macho kwa macho."

Gladness, mpiga kinanda wa kwaya, akauliza, "Picha ya jogoo haitoshi?"

"Dada yangu, picha ya jogoo ni jogoo wa msanii mwingine. Huo ni wizi."

Lukasi alichukia sana wizi.

Jogoo akaletwa. Lukasi akampeleka nyuma ya soko, kwa Hawa, binti wa kijiji cha Ziwani aliyechora mabango ya vinyozi. Hawa alimmaliza jogoo kwa penseli katika robo saa. Lukasi alimmaliza kwa ugali, akichukua muda zaidi. Ujira wa Hawa ulikuwa shingo na miguu.

"Kaka Lukasi, mapaja yako wapi?"

"Yameingia kwenye ubunifu."

Mchoro ukapelekwa, kwaya ikapiga vigelegele. Aliyeukataa ni Lukasi mwenyewe. "Jogoo anatazama kushoto," alisema kwa uchungu, "wakati kwaya yenu inatazama mbele." Ikabidi aletwe jogoo mwingine, mwenye mtazamo. Wakafuata samaki wawili, changu wanono, kisha mbuzi aliyetolewa na shemeji yake Elia huko Mahurunga, beberu mwenye sura ya hakimu. Wiki ya tatu Lukasi alikuwa amenenepa, na Hawa alikuwa na mkusanyiko wa kwato, pembe na miiba.

"Mwenyekiti," Gladness akanong'ona, "wanyama wanaingia, hatoki hata mmoja."

"Sanaa, mwanangu. Tusiiharakishe."

Ndipo Lukasi alipoomba kinanda. Hapo hata Elia alivaa tena miwani. Kinanda kile kilikuwa jasho la misimu miwili ya korosho. Jumatano kwaya ilikuwa inaingia studio, na bila kinanda kusingekuwa na kaseti, wala kava, wala sababu ya yote haya.

"Siku mbili tu," alisema Lukasi. "Mtu hawezi kuacha vyote akabakiza kinanda. Mchoro utadanganya."

Wakampa, Jumamosi asubuhi.

Akakifunga ndani ya boksi kwa kamba ya bluu, akaliweka kibandani kwa Hawa. "Jumatatu alfajiri uniletee stendi ya basi. Nina safari ya kisanaa."

Angeweza kuondoka siku hiyohiyo. Lakini Elia alikuwa ametaja kwamba Jumapili msanii ataandaliwa pilau, na Lukasi hakuwa mtu wa kuwakosea watu adabu. Jioni ya Jumamosi hiyo Hawa alikwenda nyumbani kwa Gladness na mfuko wa kwato. Shingo za kuku alikuwa amezivumilia. Kinanda cha watu, hapana.

Jumapili, baada ya ibada, mnada ukaanza nje ya kanisa kama kawaida. Matoleo hunadiwa papo hapo: mihogo, korosho, kuku. Mnadi alikuwa Petro, mwendesha winchi, ambaye sauti yake meli zilikuwa zikiitii. Lukasi alikaa mstari wa mbele, akinusa upande wa jikoni.

"Na sasa," Petro akanguruma, "toleo la msamaria asiyejitaja! Boksi! Halifunguliwi! Anayelitaka alichukue na siri yake!"

Lukasi akaiona kamba ya bluu. Pilau likamtoka akilini. Akisema ni lake, ataulizwa lina nini. Akinyamaza, linakwenda.

"Kuku wawili!" Gladness akaita.

"Saa yangu ya mkononi!" Lukasi akaruka.

"Kuku wawili na gunia la mihogo!"

"Saa na koti!"

"Na mbuzi!"

"Na viatu!" Sauti ilimpasuka. "Saa, koti, viatu na soksi!"

"Soksi baki nazo, ndugu," alisema Petro. "Hapa ni kanisani."

Lukasi akalibeba boksi mbio hadi nyuma ya ukuta, akakata kamba kwa meno. Ndani akakuta pembe mbili, kwato nne, miiba ya changu, na jiwe la kuongezea uzito. Beberu wa Mahurunga alikuwa amerudi kutoa hukumu. Na kule kanisani kinanda kikaanza kulia, kwa furaha kabisa, chini ya vidole vya Gladness.

Aliporudi mnadani na boksi lake, Hawa alikuwa ameketi juu ya gogo, karatasi magotini, penseli ikikimbia.

"Umenivua nguo mbele ya watu!" Lukasi akafoka. "Niombe radhi!"

Elia, ambaye hakupenda ugomvi siku ya Bwana, akasogea. "Binti, mwombe tu kidogo, yaishe." Kisha akachungulia karatasi, akavua miwani.

Mtu asiye na viatu wala koti, boksi kwapani, nyuma yake barabara tupu. Hakukuwa na jogoo, mbuzi, wala samaki.

"Jamani," akasema Elia polepole, "huyu ndiye ameacha vyote."

"Huo ni mchoro wa awali tu, mzee," alisema Hawa. "Kaka Lukasi, geuka kushoto kidogo. Na boksi lipandishe kichwani."

"Radhi yangu je?"

Hawa akapuliza vumbi la penseli.

"Siombi. Simama vizuri."