Kiingereza Kilichonipa Uenyekiti

Jumamosi, 2 Septemba 2006

Taifa lijulishwe. Leo wakati wa chai ya saa nne, hapa Kinoo, mimi Kibe nimeacha rasmi kutumia neno "because". Limenitumikia kwa uaminifu tangu shule ya msingi. Nimelistaafisha kwa heshima zote. Mahali pake nimeweka "owing to the fact that".

Nikamtangazia mke wangu Wanjira. Akauliza kama nilikumbuka kununua unga. Nikaanza kumjibu kwamba sikununua, owing to the fact that... Akawa ameshafika dukani. Maneno marefu yana hasara zake.

Huu si mchezo lakini. Alhamisi jioni ni mtihani. Ukipita, unaingia diploma ya bima, masomo ya jioni, chuo kile cha mjini. Nimeshaanguka mara mbili. Bi Debra, mkubwa wangu ofisini Westlands, amesema kwa upole unaotisha kwamba nikianguka tena, kiti cha mkuu wa madai kitamwendea Ogutu. Ogutu tunafanya kazi naye, tunasoma naye, na ananizidi kwa meno mazuri.

Mtihani wenyewe: unasimama mbele ya darasa bila karatasi, unaeleza jambo lolote kwa Kiingereza cha kisomi. Nimechagua utandawazi. Nani atathubutu kuniuliza swali?

Jumapili, 3 Septemba

Baada ya kanisa, kamati ya harusi ya Ndegwa, mpwa wa Wanjira. Chai, mandazi, watu wamebanana sebuleni. Wanabishana hema lipigwe wapi: juu karibu na zizi, au chini karibu na geti. Mzee Macharia, baba mkubwa wa bwana harusi, anataka chini, gari lake lionekane.

Nia yangu ilikuwa mazoezi tu. Nikasimama. Nikawaachilia "significant". Nikafuatisha "framework". Nikafunga na "in view of the aforementioned". Mzee Macharia akavua kofia. Akasema ni aibu mtu wa akili namna hii kuketishwa karibu na mlango. Nikachaguliwa mwenyekiti bila mpinzani.

Tamu sana. Mpaka waliposema mikutano itakuwa Alhamisi jioni.

Alhamisi! Nikasimama kukataa. Hapo ndipo nilipokosea: nilikataa kwa Kiingereza kile kile. Wakapiga makofi. Nikakataa tena, kwa maneno makubwa zaidi. Wakanifanya pia msemaji wa familia siku ya harusi.

Wanjira hakupiga makofi. Alikuwa akinitazama kama unavyotazama maziwa yanayokaribia kufurika.

Jumatatu, 4 Septemba

Darasani, kwenye masomo ya kujiandaa na mtihani. Lazima niandike juu ya Mwalimu Phoebe. Umri wake ni kama wa tai ninayoivaa, na sijaona mwalimu kama yeye. Hatupi rundo la maneno. Anatupa machache, na kila neno anatuonyesha linapenda kutembea na maneno gani. Kisha anasema tusikimbilie Kiingereza. Kwanza tafuta mtu asiyejua jambo lako, mweleze kwa lugha unayofikiria nayo. Akielewa, ndipo ulibebe neno jipya, nalo litakuwa na mahali pa kukaa.

Akaongeza, huku akifuta ubao, kwamba mtu akikuelewa atakubishia, asipokuelewa atakupigia makofi.

Maneno mazuri sana. Nikaona yanamfaa Ogutu.

Jumanne, 5 Septemba

Masikitiko ofisini. Wakati wa chai nimemkuta Ogutu jikoni akimweleza Veronicah, anayetutengenezea chai, kwa nini bima ya gari hailipi tairi iliyochakaa. Kwa Kiswahili! Veronicah kasimama mikono kiunoni, anamwambia wee, hiyo ni ujanja yenu, tairi si ni gari? Ogutu anaanza upya. Anabishiwa upya. Jamani, mtu hapati heshima hata kwenye birika.

Mimi nilimpa Bi Debra dakika mbili za utandawazi kwenye lifti. Hakubisha hata kidogo. Aliteremka ghorofa ya tatu. Ofisi yake iko ghorofa ya sita.

Jumatano, 6 Septemba

Nimepata! Mkutano wa kamati nimeuhamishia mjini, kwenye kantini ya chuo, ghorofa ya chini. Nitawafungulia mkutano, nitapanda juu kufanya mtihani, nitashuka kuwafungia. Hakuna atakayejua. Mzee Macharia nilimwambia kwa simu kwamba ukumbi ule ni wa kimkakati. Akasema mwenyekiti ndiye anayejua. Wanjira akauliza kama nimefikiria vizuri. Nikamwambia mipango mikubwa haifikiriwi sana, inaharibika.

Alhamisi, 7 Septemba

Nimepita! Nimepita! Hotuba ilikuwa moto. Sina la kuongeza.

Ijumaa, 8 Septemba

Ofisini nimesimulia mara kadhaa. Kila nikisimulia, darasa linasimama mapema zaidi kunishangilia. Ogutu alikuwepo jana. Alisikiliza yote, akatabasamu, akasema, "Kibe ndugu yangu, wewe ni mtu wa ajabu." Ungwana wa mtu huyu unaniudhi.

Basi, kwa kuwa shajara hii haisomwi na mtu, ngoja niseme yaliyotokea.

Kantini ilikuwa imefungwa. Mimi niliitwa mapema darasani kabla ya kuwafungulia mkutano, sikujua. Bawabu akawauliza kamati wanamtafuta nani. Wakasema mwenyekiti. Akawauliza mwenyekiti gani. Wanjira akasema Kibe. Bawabu akawaelekeza juu.

Nilikuwa ndio kwanza nimefungua mdomo mlango ulipofunguka. Wakaingia wote, thermos ya chai mbele, Mzee Macharia nyuma akihema kwa sababu ya ngazi. Nilitamani sakafu inimeze. Mwalimu mwingine angewafukuza. Mwalimu Phoebe aliwavutia viti. Akasema karibuni, tulikuwa tumekosa wasikilizaji.

Nikautoa utandawazi wote. Kamati wakatikisa vichwa kwa unyenyekevu kama wako kanisani. Nilipomaliza, wakapiga makofi. Mwalimu akamwomba Mzee Macharia atuambie mwenyekiti amesema nini. Mzee akasema amesema vizuri sana. Vizuri, lakini amesema nini? Mzee akafikiri. Akasema hilo hasa hajui, ila halina makosa.

Darasa lilicheka. Mimi nilikuwa nikikiona kiti cha mkuu wa madai kikienda zake, kikiwa na Ogutu juu.

Mwalimu hakucheka. Akauliza watu hawa wamekuja mjini kwa jambo gani. Nikasema hema. Akasema haya, Bwana Kibe, weka utandawazi chini, waeleze hema. Kiswahili kwanza, halafu Kiingereza.

Nikaeleza. Uwanja umeinama. Harusi ni Novemba, kuna mvua, maji yote yanateremkia getini. Akina mama wa upande wa bibi harusi watakuja na viatu vya visigino, watazama. Basi hema liwe juu, ng'ombe wahamishiwe kwa jirani. Nikarudia kwa Kiingereza, na sijui yalitoka wapi, maneno ya Mwalimu yakaja yenyewe, "factor" mahali pake, "alternative" mahali pake, kama watu walioalikwa.

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee Macharia alisimama akanijia juu kwa Kiingereza ambacho sikujua anacho. Maji gani? Yeye amezaliwa pale! Kwani hao akina mama hawawezi kuvua viatu? Wanjira akamjibu. Ndegwa akamjibu Wanjira. Thermos ikamwagika. Mwalimu Phoebe aliegemea ubao akitabasamu, kalamu mkononi, akaandika kwamba nimepita.

Nimepita kwa alama ya mwisho inayokubalika. Ogutu kaongoza darasa, kwa tairi ya Veronicah. Ila sharti la Bi Debra lilikuwa kupita, si kuongoza. Na hema litakuwa juu.

Yule binti ni mwalimu! Hili sitalisahau. Nimejifunza.

Jumapili, 10 Septemba

Nimetoa shukrani kanisani kwa ajili ya mtihani. Nilikusudia kusema asante kwa Kiswahili na kuketi. Lakini kipaza sauti kilikuwa kizuri, na Mzee Macharia alikuwa kiti cha mbele. Nikaona niwape kidogo. "Significant" ikatoka. "Framework" ikatoka. "Owing to the fact that" nikaitoa mara mbili.

Makofi! Mchungaji akasema Mungu ametuonyesha mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa kanisa. Itakutana kila Jumatatu jioni, kuanzia kesho.

Kesho jioni ndiyo siku ya kwanza ya diploma.

Wanjira aliinamisha kichwa. Nadhani alikuwa akiomba. Nikainuka kukataa, nikashika kipaza sauti kwa mikono miwili, nikakohoa, nikaanza: "In view of the aforementioned..."