Panya Kumi na Dozi Mbili

Jumatatu, 3 Novemba
Mimi, Kjell-Åke, nimezaliwa na bahati. Leo Profesa Ragnhild kanikabidhi panya kumi wenye saratani niwadunge dawa. Wakipona, jina langu litaingia kwenye ripoti pamoja na wasomi. Jina la mlisha panya. Mji mzima wa Uppsala utanijua.

Kumi wengine kapewa Gunvor, mwenzangu wa miaka mingi. Yeye pia ndiye anayepima dawa yetu sote. Ragnhild kaeleza: uvimbe hupiga mbiu kuita mishipa ya damu. Mishipa inaota ovyo, imepinda, inavuja. Mbiu hiyohiyo inawafungia mlango askari wa kinga ya mwili. Dawa inanyamazisha mbiu. Ila iwe lagom, akasema, isizidi wala isipungue. Neno hilo la Kiswidi nimelishwa tangu utotoni, kwenye viazi, kahawa, hata furaha. Limenichosha.

Jumanne, 4 Novemba
Saa ya kahawa Gunvor akasema jina langu litaandikwa, ndiyo, mlangoni mwa choo. Nikacheka. Nikaenda kuwadunga wangu dozi mbili mbili. Kama kidogo kinanyamazisha, kingi kitaziba mdomo kabisa. Hilo halihitaji chuo.

Jumatano, 12 Novemba
Uvimbe wa panya wa Gunvor umesinyaa. Wa wangu umenenepa. Ragnhild kaniita kwenye hadubini. Kwa Gunvor mishipa imenyooka, askari wamejaa ndani. Kwangu mishipa karibu yote imekufa, askari wamekwama nje, njia hakuna.

Ragnhild akamuuliza Gunvor kama alikosea kupima. Gunvor akasema kwa sauti ndogo kwamba labda macho yamezeeka. Amebakiza miezi mitano astaafu. Nikanywa nusu kikombe cha kahawa. Kisha nikasema: "Ragnhild, mwache. Ni mimi."

Alhamisi, 13 Novemba
Jina limefutwa. Sindano nimenyang'anywa. Gunvor kaniletea andazi la mdalasini, akaniambia mimi ni bwege, lakini bwege wake.

Sasa naosha vizimba. Nitaviosha mpaka wenyewe waniombe nirudi. Mashine ya kuviosha inataka kikombe kimoja cha sabuni. Nimetia vitatu. Povu limeingia ofisini kwa Ragnhild. Kosa ni la maji, hayakuwa ya moto. Kesho vinne.

Na ile bahati ni uongo. Panya wale nilipewa kwa kubembeleza wiki sita.