Seti-skwea ya Kuazima

Jumatatu, 8 Julai 1996

Ukungu. Baridi ya kukata masikio. Nimerudi kazini baada ya Sabasaba nikakuta karakana imeuzwa! Si uvumi tena. Serikali imenawa mikono, na mwenyewe sasa ni Bwana Mbaraka wa Tanga, mtu wa kanzu safi na maneno machache. Alitukusanya uani akasema mafundi bati watabaki na mafundi mbao watabaki. Wachoraji? Tuko wawili. Anamtaka mmoja.

Mimi na Jenipher! Mimi niliyeanza hapa yeye akiwa bado anabebwa mgongoni, na yeye aliyekuja mwaka juzi na cheti chake cha ufundi na sauti ya upole. Mtihani ni Jumatatu ijayo. Mshindi anabaki. Mshindwa anaondoka mwisho wa mwezi, na kama anakaa nyumba ya karakana anarudisha funguo. Jenipher anakaa kwa shangazi yake. Anayekaa nyumba ya karakana ni mimi.

Evelina kauliza mbona sili. Nikamwambia. Mke wangu hana papara, akasema kama tutakosa nyumba tutaenda kwao Mlalo, kwa baba yake. Kwa Mzee Aron! Aliyesema siku ya posa, mbele ya washenga wangu, kwamba kuchora mistari si kazi, ni mchezo wa mtoto aliyekosa mbuzi wa kuchunga. Bora nilale kwenye pipa la karakana.

Jumanne, 9 Julai

Nimejua mtihani utakuwa wa nini. Kiwanda kimoja cha chai kinataka mdomo mkubwa wa bati wa kumiminia majani, na utakaa kwa kuinama. Kwa hiyo tutachora umbo lililoinama. Piramidi, pengine, au mche, limelazwa kwa ukingo mmoja na kugeuzwa upande. Tuonyeshe linavyoonekana kutoka juu na kutoka mbele.

Si kwamba sijui. Ila sijawahi. Miaka yote hii kazi yangu imekuwa kuweka karatasi ya kupitishia mwanga juu ya mchoro wa zamani na kuufuata kwa wino. Wino wangu hakuna anayeuweza! Lakini michoro ya zamani yote imesimama wima. Hakuna hata mmoja ulioinama.

Jenipher aliniamkia shikamoo kama kawaida yake. Nilichelewesha marahaba makusudi. Alisubiri hadi nikaitoa.

Jumatano, 10 Julai

Akili ni mali! Kwa nini nihangaike na vitabu wakati umbo naweza kulichonga? Nimechukua kiazi mviringo jikoni, nikakichonga piramidi ya pembe sita. Nakiinamisha, nakiweka juani, kivuli kinaanguka kwenye karatasi, nafuata kivuli kwa penseli. Kazi kwisha. Nimezoea kufuata.

Ila jua liko wapi? Lushoto, mwezi wa saba! Nimekaa nje tangu asubuhi na kiazi mkononi. Saa sita mwanga ulichungulia, nikapiga magoti haraka, ukungu ukarudi. Jirani akapita akanikuta nimepiga magoti mbele ya kiazi. Akasema pole.

Nimejaribu taa ya chemli. Kivuli kikatoka kikubwa kama paa la kanisa. Hakifai.

Alhamisi, 11 Julai

Leo Mungu kanifungulia mlango. Au mwingine, sijui. Jenipher amedondosha seti-skwea yake, ile pembetatu ya plastiki ya digrii thelathini, na fundi bati mmoja akaikanyaga. Imepasuka katikati! Madukani zipo za watoto wa shule tu, ndogo. Akaja kwangu kwa adabu zote. Kaka Elisante, nasikia unazo mbili. Naomba kuazima moja.

Ninazo mbili kweli. Pacha, nilipewa siku moja, hata mama yao hawezi kuzitofautisha. Nikamwambia nitamletea kesho, nikaisafishe kwanza.

Nimeisafisha. Kwa msasa. Nyuma ya nyumba, upande mmoja tu, kidogo kidogo, mpaka ile thelathini ikawa kama ishirini na nane. Jicho halioni. Mkono hausikii. Nikaipaka mafuta kidogo ing'ae.

Nilijisikia vibaya, naandika wazi. Nilisimama na ile plastiki mkononi nikamkumbuka anavyosubiri marahaba. Kisha nikasikia Evelina ndani akikohoa kwa moshi wa jiko letu, jiko la nyumba yetu, nikaendelea kusugua.

Ijumaa, 12 Julai

Nimemkabidhi. Akaipokea kwa mikono miwili. Akasema Mungu akubariki kaka, wengine wangenicheka. Nikaangalia kwingine.

Nimegundua hatari mpya! Mchoro utasahihishwa na Injinia Rubeni kutoka Tanga, na inasemekana amesoma chuo kilekile alichosoma Jenipher. Nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Mbaraka. Nikasema, kwa haki ya wote, Injinia asijue mchoro upi ni wa nani. Tusimamiwe na mtu mwingine. Majina yaandikwe kwenye vikaratasi, vikunjwe, vibandikwe nyuma kwa pini. Bwana Mbaraka akasema wewe ni mtu wa haki. Atatusimamia mwenyewe, na Injinia atakuja mchana kusahihisha.

Mtu wa haki! Nimemwambia Evelina. Akacheka mpaka akakaa chini.

Jumapili, 14 Julai

Kanisani sikusikia mahubiri. Mchungaji alipoinua mkono mimi niliona pembe.

Jua limegoma wiki nzima. Nimechonga viazi, nimechonga karoti, nimechonga hata bua la kabichi. Kila kimoja nakiinamisha, nakigeuza, nasubiri jua, jua haliji, nakigeuza tena. Mwishowe nikawa nakitazama tu. Pembe hii ikipanda, ile inajificha. Ile ya nyuma inakuja kulia. Basi. Hakuna nilichopata.

Mchana Evelina kapika mchuzi. Piramidi zote zimo ndani! Nikapiga kelele. Akajibu kwa Kishambaa neno moja ambalo siliandiki hapa, kisha akasema kwa Kiswahili chakula ni chakula hata kikiwa na pembe sita. Imebaki moja, iliyoangukia chini ya kitanda. Kesho itakuwa mfukoni mwangu. Nikikwama nitaitoa kwa siri.

Jumatatu, 15 Julai

Samahani mwandiko, naandika haraka.

Swali: piramidi ya kitako cha pembe sita, imesimama kwa ukingo mmoja wa kitako, kitako kimeinuka digrii thelathini, kisha yote imegeuzwa digrii arobaini na tano. Vifaa: bikari, rula, seti-skwea. Kipimapembe marufuku.

Bwana Mbaraka alivuta kiti akakaa mbele yangu. Mbele yangu mimi! Hajui kuchora hata yai, lakini macho yake hayakupepesa. Kila nilipopeleka mkono mfukoni, aliinua kidevu. Nikawa nakipapasa kiazi humohumo gizani, kwa vidole. Pembe ya kwanza. Ya pili. Ncha iko huku. Jasho linanitoka na baridi ile! Sikuweza kukitoa hata mara moja, nikachora hivyohivyo, kwa kubahatisha. Kwanza imesimama wima. Halafu nikaiinamisha. Halafu nikaigeuza, na kila pembe nikaipeleka pale ambapo vidole viliniambia. Mistari ikawa mingi, mingine nimeifuta mara tatu, karatasi imekuwa na mavi ya ufutio kila mahali.

Jenipher alimaliza mapema. Akanawa mikono akatoka.

Adhuhuri ikaadhiniwa. Bwana Mbaraka akanyanyuka kwenda kuswali, akasema mtu wa haki, nipelekee michoro yote miwili mezani kwangu. Akaondoka.

Nikabaki na michoro miwili. Wa Jenipher: msafi! Mistari kama uzi wa cherehani, si doa, si alama ya ufutio. Wangu: shamba la viazi baada ya nguruwe pori kupita. Nikaiona nyumba. Nikamwona Mzee Aron kakaa barazani ananisubiri na fimbo ya kuchungia.

Pini ni kitu rahisi sana kuchomoa.

Nimebadilisha. Jina langu liko nyuma ya mchoro msafi. Jina lake liko nyuma ya ule mchafu. Imekwisha. Nimekula wali wote leo.

Jumanne, 16 Julai

Naandika nikiwa nimekaa kitandani na viatu miguuni.

Saa nne tuliitwa ofisini. Injinia Rubeni, mtu mfupi mwenye miwani mikubwa, alikuwa amebandika michoro ukutani, kila mmoja na kikaratasi cha jina chini yake. Kabla hajafungua kinywa Jenipher akasogea ukutani. Akatazama. Akatazama tena. Akasema, samahani Injinia, hapa kuna makosa. Majina yamechanganywa. Ule wenye jina langu si wangu.

Damu ilinishuka hadi kwenye soksi. Kanishtaki! Kanishtaki mbele ya watu! Nikaruka. Nikasema hakuna kilichochanganywa, michoro niliibeba kwa mikono yangu hii, Bwana Mbaraka ni shahidi. Nikanyooshea kidole ule msafi. Huo ndio wangu. Ule mchafu ni wake.

Injinia akavua miwani. Akaniuliza kwa upole kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Bwana Mbaraka akasema hili ni jambo zito, kama kuna shaka lisemwe sasa, yeye hataki kuanza na dhuluma. Nikainua mkono. Nikaapa mbele za Mungu wangu kwamba ule msafi nimeuchora mimi na ule mwingine sijaugusa kwa penseli.

Jenipher akanigeukia. Hakuwa na hasira, ndilo lililonishangaza. Alikuwa kama mtu anayemwona mwenzake akitembea kuelekea shimoni. Akasema polepole, kaka Elisante, fikiri vizuri. Nakuomba.

Nikasema nimeshafikiri.

Injinia akavaa miwani. Akasema basi. Huu msafi ni mzuri kwa macho, lakini digrii thelathini yake si thelathini, ni ishirini na nane, na kosa hilo limefuata kila mstari hadi mwisho. Bati likikatwa hivi halitafunga. Msasa! Nilikuwa nimeusahau kabisa. Ule mwingine umechafuka, lakini kila pembe iko mahali pake. Akasema miaka mingi hajaona mtu aliyeliona umbo namna ile, kana kwamba alilishika mkononi.

Kana kwamba alilishika mkononi! Kiazi kilikuwa bado mfukoni. Nilikishika.

Wakampa Jenipher mkono. Alikataa. Akasema si wake, hawezi kuchukua. Bwana Mbaraka akasema mwenye mali ameapa kwamba si yake, itakuwa ya nani? Wote wakanitazama. Ningesema neno moja tu. Lakini neno hilo lingevuta jingine, la pini, na jingine, la msasa. Nikasema hongera dada.

Nimechora umbo lililoinama. Mimi. Kwa mkono wangu, bila kufuata mstari wa mtu. Na hakuna ninayeweza kumwambia. Nimelia kidogo, nyuma ya nyumba, palepale nilipokuwa nasugulia.

Jumatano, 31 Julai

Tumefunga mizigo. Funguo nimerudisha. Leo Evelina alikuwa anapindua suruali yangu ya kazi akakuta kiazi kilichonyauka cha pembe sita. Akakiangalia, akaniangalia, akakirudisha mfukoni akakunja suruali.

Jenipher kaja kutuaga. Kaleta matunda ya shambani kwa shangazi yake na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Seti-skwea yangu. Akasema sasa karakana imemnunulia mpya, hii aliiazima, anarudisha na shukrani. Akasema pia inahitaji kusafishwa upande mmoja. Akaniamkia shikamoo. Marahaba niliitoa haraka.

Njia nzima hadi Mlalo nimetafakari kosa langu lilikuwa wapi. Nimelipata. Nilisugua mno! Digrii mbili ni nyingi. Ingetosha nusu.

Jumapili, 4 Agosti

Mlalo. Mzee Aron amenipokea vizuri, jambo linalonitia wasiwasi. Kanisani leo imetangazwa kuwa wanataka mchoro wa paa jipya la baraza, na yeye, mzee wa kanisa, akasimama mbele ya usharika akasema mkwe wangu anaweza. Mkwe wangu! Nusura nianguke kwenye benchi.

Kuna mpinzani lakini. Lucian, fundi seremala wa hapa, kachora mapaa yote ya bonde hili. Baada ya ibada akanifuata kwa adabu. Anasema vifaa vyake vimechakaa. Nasikia unazo seti-skwea mbili, ndugu. Naomba kuazima moja.

Nimemwazima! Ile ya msasa, bila shaka. Nimempa na tabasamu, akapokea kwa mikono miwili.

Nimeketi sasa kuanza paa langu. Iliyobaki inang'aa sana upande mmoja. Ni mafuta ya mkono tu, hayo. Naanza na digrii thelathini.