Watu Arobaini Wasio na Maoni

Jumatatu, 8 Julai 2024. Nyololo.

Nimepata kazi! Mimi, Didas Luvanda, miaka arobaini na mmoja, sasa ni mkusanyaji wa maoni ya wananchi. Kampuni inaitwa Pimamaoni, ofisi yao iko Iyunga, Mbeya. Bosi ni Bwana Makame, mtu mpole, koti safi, baridi yetu inamtoa machozi. Amenikabidhi kishikwambi kipya na begi. Maswali ishirini na mawili: kodi, tozo, mbolea ya ruzuku, bei ya mazao, makampuni makubwa. Kila swali mtu anachagua nakubali sana, nakubali, sikubali, sikubali kabisa, au sina maoni. Anayelipia utafiti hatajwi. Makame amesema tu ni kampuni kubwa inayotaka kujua watu wanazionaje kampuni kubwa.

Watu arobaini, siku kumi. Atakayewahi kumaliza na kazi yake ikawa safi anakuwa msimamizi wa kanda. Pikipiki! Jaketi lenye maandishi mgongoni! Chumba Iyunga! Mpinzani wangu ni mmoja tu, Eveline, binti wa mwinjilisti. Ana buti za mvua na anapenda watu. Hatafika mbali.

Dada yangu Matilda hakushangilia. Alinikumbusha kwamba mwisho wa mwezi natakiwa kuachia chumba cha marehemu baba, anataka kufugia kuku. Kuku! Nimemwambia mwisho wa mwezi nitakuwa Mbeya, kuku wakae kwa raha.

Jumanne, 9 Julai.

Ukungu tangu alfajiri. Nyumba ya kwanza, Mama Esta, mjane wa Mika. Nikamsomea swali la kwanza, kama anaridhika na bei ya mazao. Kosa kubwa. Alinipeleka ghalani kunionyesha gunia la viazi lilivyo, kisha lumbesa ilivyo, yaani gunia lililoshonewa kilemba juu mpaka limekuwa moja na nusu, na mnunuzi analipa moja. Akaniambia nilibebe. Nikalibeba. Akaniuliza nasikiaje. Nikasema nasikia mgongo. Akasema basi andika hivyo hivyo. Hakuna kisanduku cha mgongo!

Asubuhi nzima, fomu moja. Akataka pia kujua majibu yake yataenda wapi. Nikasema yatafika juu. Akauliza juu kwa nani. Nimetoka kwake na viazi vinne vya kuchemsha mfukoni na hasira kifuani. Watu wenye maoni wanachosha.

Wamebaki thelathini na tisa. Nimekaa kwenye ngazi za kanisa la Kilutheri nikila viazi na kutazama makaburi. Mistari imenyooka. Majina yapo, miaka ipo. Wote wametulia, na hakuna wa kukubebesha gunia. Siku zote nasema uchumi ni akili.

Alhamisi, 11 Julai.

Kazi imekwisha! Siku mbili, nimekaa juu ya ukuta mfupi wa makaburi, maana kishikwambi kinarekodi mahali ulipo na nyumbani kingenichongea. Jina kwenye msalaba, umri nakokotoa, kisha "sina maoni" mara ishirini na mbili. Dakika nne kwa kila marehemu.

Namba za simu ndizo zingenikwamisha. Lakini nilikuwa katibu wa kikundi cha kufa na kuzikana kwa miaka tisa, kabla ya ule uzushi wa sufuria kubwa la kikundi. Namba za wanachama ninazo zote, na waliokufa sijawafuta. Nani anafuta namba ya marehemu? Ofisi wakipiga watakuta haipatikani, wataandika "hapatikani", watasonga mbele. Nilianza na Mwalimu Isakwisa, aliyenifundisha hesabu na kunichapa kwa hesabu hizo hizo. Huna maoni, Mwalimu! Mika, mume wa Mama Esta, naye hana maoni. Raha iliyoje.

Mchana ukungu ulishuka mpaka sikuona msalaba wa tatu. Nikahesabu fomu. Thelathini na tisa, pamoja na ya Mama Esta. Imepungua moja. Mwisho wa mstari wa mbele kuna kaburi la baba, na baada yake nafasi wazi. Clement Luvanda, 1948 hadi 2019. Kwenye simu yangu ameandikwa "Baba". Nilisita kidogo. Kidogo tu. Sina maoni, sina maoni, sina maoni.

Nilipobonyeza kutuma, mtu alikohoa nyuma yangu. Nikageuka. Ukungu mtupu. Nikasema kamwene, salamu ya kwetu, kwa adabu. Hakuna aliyeitika. Mbuzi nao hukohoa.

Ijumaa, 12 Julai.

Nimemkuta Eveline kwenye kibanda cha chai. Ana fomu kumi na nne! Kila nyumba amekaa, kila nyumba amekula, na yasiyo na kisanduku ameyaandika kwenye daftari lake. Buti zina tope hadi magotini. Nilimwonea huruma nusu dakika.

Halafu akafungua ramani ya kazi zetu kwenye kishikwambi. Nukta zake zimetawanyika mpaka kwenye mashamba ya chai. Zangu thelathini na tisa zimesimama mistari minne ubavuni mwa kanisa. Akauliza hawa watu wanaishije. Nikamjibu ni watu wa vijiji vya ujamaa, walizoea kupangwa. Hakucheka. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nalala vizuri. Wivu huo.

Jumatatu, 15 Julai.

Amenipigia Ruwaida wa ofisi ya Iyunga. Kazi yake ni kuwapigia waliohojiwa na kuhakiki. Nilikuwa nimeandaa sauti ya masikitiko kwa ajili ya wasiopatikana. Nikamkuta anacheka. Akasema amewapata wote. Nikauliza wote akina nani. Wote, kaka Didas, wote arobaini, simu inaita mara moja tu wanapokea. Hajawahi kuona wananchi wanaopatikana namna hii.

Ila kuna kasoro. Hakuna hata mmoja asiye na maoni. Mwalimu Isakwisa amezungumza dakika arobaini kuhusu kodi, kwamba tajiri na mjane wanalipa kodi ileile kwenye kiberiti kilekile, na hiyo ni hesabu ya darasa la nne. Bwana Mika amesema maneno ya lumbesa yaleyale ya mkewe, akaongeza kwamba gunia lake la mwisho bado analisikia mgongoni. Bibi mmoja amesema mbolea ya ruzuku inafika mahindi yameshachanua, na kama anayeileta angekuwa analima angeona aibu. Ruwaida amezisahihisha fomu zote. Akataka kujua kwa nini karibu wote wanamalizia kwa neno moja: "Sisi hatuulizwagi." Na huko ni wapi, maana kila mmoja ameomba radhi kwamba sauti yake iko mbali na kuna baridi. Nikasema ni Mufindi.

Akamaliza kwa kusema wote wananisalimia.

Nikanywa chai bila sukari, maana Matilda ameificha tena. Nikamwuliza, kwa kuzunguka zunguka, kama simu ya marehemu inaweza kupokelewa. Akasema kampuni za simu huzirudisha namba hizo sokoni, anauziwa mwingine. Bila shaka! Biashara haiachi kitu! Nilifurahi kwa dakika tano hivi, mpaka nilipokumbuka kwamba mtu aliyeuziwa laini dukani hana sababu ya kunisalimia.

Jumanne, 16 Julai.

Nimewapigia mwenyewe, mmoja baada ya mwingine. Namba thelathini na tisa, zote hazipatikani. Nikampigia Ruwaida. Akasema nisubiri kidogo, Mwalimu Isakwisa yuko kwenye simu ya pili, ameomba kuongeza neno kuhusu tozo. Nikamwomba azisogeze simu hizo mbili nimsikie. Nikasikia upepo kwenye mikaratusi. Nikasikia chaki inakwaruza ubao. Nikakata.

Naogopa. Naandika kama ilivyo. Chumba hiki kilikuwa cha baba na koti lake la mvua bado liko nyuma ya mlango, na leo nimeligeuzia ukutani. Nimeamua kumweleza Makame ukweli wote. Nimeyaandika maneno yenyewe, ukurasa mzima, yenye majuto.

Jioni Makame ametuma ujumbe. Nifike Iyunga Alhamisi, kazi yangu imewavutia, anataka kujua saizi ya jaketi. Nimejibu kubwa. Ukweli hauozi, utakaa siku mbili.

Alhamisi, 18 Julai. Iyunga.

Ofisi iko nyuma ya duka la vipuri vya malori. Nimelivaa jaketi. Linanikaa! Ruwaida ni mdogo kuliko sauti yake, akanikaribisha maandazi na kunishika mkono kwa muda mrefu, akasema una wazee wenye hekima sana. Ukurasa wangu wa majuto ulikuwa mfukoni. Nilikuwa nautoa kabisa pale Makame aliposema kuna mahojiano ya mtu mmoja, bora kuliko yote ya kanda nzima, akabonyeza rekodi.

Ni baba.

Alikohoa kwanza, kile kikohozi. Halafu akasema: "Miaka thelathini nimelima pareto. Mnunuzi alikuwaga anakuja na mzani wake, na bei yake, na kalamu yake. Mimi nilikuja na maua tu. Mnaniuliza kampuni kubwa naionaje. Mimi naiona. Swali ni yenyewe inanionaga?" Ruwaida kwenye rekodi akamwuliza kama ana la kuongeza. Upepo, kisha: "Kijana wangu alikuwa anakula meza moja na mimi. Kila jioni nilitaka aniulize habari ya ule mzani. Hakuniulizaga. Hata hii karatasi kajaza mwenyewe. Mwambieni aje aniulize, nitamjibu."

Nililia. Nikajifanya ni vumbi la barabara. Ni kweli, hakuna hata jioni moja niliyomwuliza, nilikuwa nangoja amalize kula nichukue mfupa. Makame akaniuliza, kwa kuwa jina la ukoo ni moja, kama huyu mzee ni ndugu yangu. Jaketi lilikuwa na joto zuri. Nikasema ukoo wetu ni mkubwa.

Basi Makame ameniachia mawili tu. Jumamosi nirudie fomu ya mzee huyo ana kwa ana, kama alivyoomba. Na hadi Jumatatu nilete maoni ya watu arobaini wa Ruaha Mbuyuni, wakulima wa vitunguu na nyanya. Nikifanya hayo, usimamizi ni wangu. Ukurasa wa majuto nimefungia andazi la safari.

Jumamosi, 20 Julai. Nyololo.

Nimekwenda makaburini saa tano asubuhi, nimevaa jaketi ili baba alione. Ukungu mzito, kengele ya kanisa nilikuwa naisikia lakini kanisa silioni. Nimesimama pembeni ya kaburi lake, kwenye ile nafasi wazi. Nikawasha kishikwambi. Nikasoma swali la kwanza kwa sauti, kwa heshima zote: baba, unaridhika na bei ya mazao yako? Nikangoja.

Simu ikaita mfukoni. Nikaitoa. Kwenye kioo imeandikwa "Baba".

Inaita. Nilikuwa napokea, naapa nilikuwa napokea, kidole kilikuwa juu ya kitufe. Hapo hapo ikaingia simu ya pili. "Bosi Makame".

Sasa mtu mwenye akili afanye nini? Baba hana haraka. Nikapokea ya Makame. Alitaka kujua kama pikipiki nyekundu itanifaa au nangoja ya bluu. Nikasema nyekundu. Tulipomaliza, ile nyingine ilikuwa imekatika. Nikapiga. Haipatikani. Nikapiga mara saba. Nikaita kwa mdomo. Ukungu ukaanza kuinuka taratibu, misalaba ikaonekana mmoja mmoja mpaka wa mwisho, na palikuwa na ukimya ambao sijawahi kuusikia pale. Hata mbuzi hawakukohoa.

Kisha Ruwaida. Sauti yake leo haikucheka. Akasema imeingia fomu ya arobaini na moja, dakika chache zilizopita, kutoka hapo hapo niliposimama. Aliyehojiwa: Didas Luvanda, miaka arobaini na mmoja, namba ya simu ni yangu. Mkusanyaji: Clement Luvanda. Maswali ishirini na mawili, majibu ishirini na mawili. Sina maoni. Akaniuliza kama airekebishe au aiache.

Nikatazama chini. Nyasi tu, kati ya kaburi la baba na ukuta, upana wa mtu mmoja. Nikasogea hatua mbili. Nikamwambia aiache ilivyo, nimechelewa basi, na kwa kweli sioni kosa lolote.

Matilda ameshaleta kuku. Mimi naondoka mchana huu. Ruaha Mbuyuni kuna joto, hakuna ukungu, na nimeulizia: makaburi yako karibu kabisa na barabara.